Ukoo wa Bi Kubwa: makopo ya Zuhura

Zuhura: Assalam alaykum jamani. Naombeni ushauri, yale makopo ya udi nlochukua kwa yule mama wa Wete bado yapo 31 chini ya kitanda, chumba chote chanukia lakini sijauza. Kuna kijana ananambia nimpe laki na nusu anitengenezee bango na kunitangazia mtandaoni wiki mbili. Nitoe?

Ami Seif: Waalaykum salaam. Laki na nusu?? Kopo moja wapata faida shingapi

Zuhura: Nanunua 7000 nauza 10000 ami

Ami Seif: Haya piga hesabu. Uuze makopo 50 ndo urudishe hela ya bango, na wewe unayo 31

Khamis: 😂😂😂 ami kamaliza

Mamdogo Rukia Chake: Usitoe mwanangu. Mie mwaka juzi nlimpa mtu elfu 80 anitangazie mabuibui, nkapata watu kibao wote wako Mbeya na Mwanza huko, mmoja akaniuliza buibui ntampelekeaje, kumtumia peke yake kwala faida yote. Nlikuja kuyauza kwa majirani zangu wale wale

Shangazi Mwanaisha: 🎤 2:14

Zuhura: Shangazi niko kwenye daladala siwezi kusikiliza, niandikie tafadhali

Shangazi Mwanaisha: Haya. Ati picha ya kopo, nani atainusa picha. Jioni toa chetezo ukae nacho barazani, kaa moja tu la moto na kipande cha udi kama ukucha wa kidole kidogo, usijaze ukafanya moshi wa kufukuza mbu. Watu wakitoka kuswali magharibi wapita hapo hapo kwako, lazima mmoja ataulizia, na akiuliza usikimbilie bei, mfukizie kwanza ule mtandio wake aende nao kwake, akiuvua usiku ndo atakukumbuka

Dada Salma: Kweli kabisa. Zuhura nipe kopo moja bure, Ijumaa napamba bi harusi Mpendae ntafukiza mle chumbani, mashoga zake wataniuliza hata nsiposema kitu. LAKINI bandika jina na namba yako ya simu juu ya kopo!! Jirani yangu lile ulomuuzia limemwishia, kakaa na kopo tupu mkononi halina jina wala namba, kaenda kununua kwengine

Zuhura: Wallahi hilo la namba sikulifikiria

Khamis: Na stetasi zako dada, unaweka picha 20 mtu anabonyeza anapita tu. Weka moja asubuhi moja usiku na bei uiandike, hiyo "bei njoo inbox" inachosha watu. Ipo WhatsApp ya biashara ni bure, unapanga bidhaa zako zote na bei zake mtu anaangalia mwenyewe. Halafu ule ujumbe wa brodkasti haumfikii mtu ambaye hajaisevu namba yako, kwa hiyo ukimuuzia mtu aisevu hapo hapo mbele yako. Orodha moja mwisho watu 256

Zuhura: Kumbe!! Mie nkituma kwa watu mia wanajibu wanne nikawa nasema watu wana roho mbaya 😂

Khamis: Maskini hata hawakuuona. Au nkuombee kwa konda wa daladala ya 505 afukize ndani ya gari asubuhi 😁

Ami Seif: Muna watu wana pumu mule, tulia wewe

Shangazi Mwanaisha: Jumapili njoo kwenye mchezo wetu wa kupeana pesa, tuko 18. Usije na mfuko mzima kama mtu anahama. Funga vipakti vya elfu elfu, kuna mtu hawezi kutoa 10000 kwa kitu hajakijua lakini buku hakosi. Akikipenda kopo atalifuata mwenyewe

Ami Seif: Hivyo vipakti nletee na mie dukani niviweke pale kwenye vocha. Kila kimoja nakata mia mbili yangu. Ya mkopo simo, daftari langu lishajaa

Zuhura: Hapo kwenye mkopo ndo pazito ami, majirani wote wanataka mwisho wa mwezi

Mamdogo Rukia Chake: Mie mabuibui matatu mpaka leo sijalipwa. Moja namuona nalo mwenyewe kila harusi, amelivaa, ananikumbatia na kunikumbatia 😒 Kopesha yule tu ambaye ukikosa pesa yake hutogombana naye. Na usingoje wiki ya Idd, wiki hiyo kila mlango unauza udi. Shaaban harusi zinafuatana watu wakiwahi Ramadhani, hapo ndo pa kumaliza makopo

Zuhura: Haya nmeelewa. Yule kijana wa bango nshamwambia bado

*18:47*

Zuhura: 📷 Picha

Zuhura: Chetezo hicho barazani. Mama Nassor wa mbele kashavuka njia kanijia

Dada Salma: Ehee kanunua?

Zuhura: Kaja kuomba kaa la moto akawashie jiko lake

Khamis: 😂😂😂😂😂

Zuhura: Subiri. Kasimama kavuta pua weee, kauliza hii ya nani. Nkamfukizia mtandio kama alivosema shangazi. Kasema nimuwekee vipakti viwili hela kesho

Ami Seif: Kesho ya lini

Zuhura: 🤐