Tupeane uzoefu: taa ya tangi lenye mimea bila kuwatesa samaki (Arusha na Moshi)

MwanaNjiro
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kwa jirani, kaweka tangi sebuleni, mimea imejaa mpaka inapendeza. Kabonyeza swichi, LED ikawaka yote kwa mpigo. Samaki wake, neon tetra, wakatimkia nyuma ya filta, wakajibana pale wamepauka, ule mstari mwekundu hauonekani. Mimea inataka mwanga, samaki anataka utulivu. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mangi wa Rau
Samaki hana kope, mkuu. Sisi tukiwashiwa taa usingizini tunafumba macho, yeye atafumba nini? Kwangu taa ya sebule inatangulia, nakunywa chai, baada ya kama nusu saa ndiyo nawasha ya tangi. Usiku ya tangi inazimwa kwanza, ya sebule mwisho.

Fundi Kijenge
Naunga mkono.

MamaTilapia
Mnajitesa bure. Weka tangi dirishani, jua linapanda lenyewe taratibu na halina bili.

Mangi wa Rau
Dirishani? Moshi hii, mwezi wa pili? Mama, maji yatakuwa supu ya mchicha ndani ya muda mfupi. Mchana yanachemka, usiku yanapoa, samaki ndiye anayeumia.

MamaTilapia
Usinifundishe Moshi mwanangu, nimezaliwa Kiboriloni. Dirisha langu lina mparachichi nje, jua halipigi kioo moja kwa moja. Nimesema dirishani, sijasema juani.

Mangi wa Rau
Ungesema hivyo tangu mwanzo. Samahani mama.

SakinaGirl
Mmenikumbusha ya saluni kwa shangazi, ngoja niyaandike yote maana wengi hawalijui hili.

Tangi lilikuwa na taima ya kuzunguka ya kuwasha na kuzima taa, ile yenye vipini vidogo pembeni, unaichomeka kwenye soketi. Kipindi kile umeme ulikuwa unakatika mno. Sasa taima ile inazungushwa na umeme huohuo: ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Kila mkato unaichelewesha. Ikajisogeza hivyohivyo mpaka taa iliyopangwa kuwaka saa 4 asubuhi ikaja kuwaka saa 8 usiku, saluni giza totoro, samaki wametulia.

Shangazi analala chumba cha nyuma. Akasikia pa! kwenye vigae, halafu pa! tena. Akajua mwizi kaingia. Katoka na mwiko mkononi, anakuta saluni inang'aa na maji yametapakaa sakafuni. Samaki wawili aina ya danio walishakufa. Gurami, yule mkubwa ambaye kila mteja anamsalimia kwanza, alikuwa chini ya kiti cha kusukia, anapapatika, mkia umenasa kwenye nywele bandia. Shangazi akalowesha mikono, akazinasua uzi mmoja mmoja huku analia.

Gurami anavuta hewa ya juu, nadhani ndiyo ikamwokoa. Lakini siku kadhaa hakugusa chakula, alikaa kwenye kona tu.

Kilimanjaro_Boy
Pole sana dada. Gurami bado yupo?

Binti wa Pasua
Swali hilohilo! Usituache hewani.

SakinaGirl
Yupo, pezi lake la mkia limeota upya. Tangi lina kifuniko cha kioo sasa.

Fundi Kijenge
Taima ya kidijitali yenye betri ndani haipotezi saa. Tafuteni hiyo.

Kilimanjaro_Boy
Mimi nasema inveta, taa isizimike kabisa.

Fundi Kijenge
Betri unaimalizia kwenye taa ya nini? Giza haliui, mimea inavumilia hata siku mbili. Umeme ukikatika, cha kuhangaikia ni pampu ya hewa.

Mzee wa Ngaramtoni
Jua letu linawaka masaa 12 mwaka mzima, na taa iwake masaa 12. Mungu hakukosea.

MwanaNjiro
Shikamoo mzee. Kwa heshima, jua la asubuhi na jioni ni dogo, na mto una miti. Neon tetra kwao Amazon wanaishi kwenye maji ya kahawia chini ya msitu. LED inapiga kwa nguvu ileile toka inawaka mpaka inazimwa. Mimi nilipopunguza toka masaa 10 hadi 7 mwani ukapungua, mimea haikulalamika.

Mzee wa Ngaramtoni
Marahaba. Basi masaa 8, msinipunguzie zaidi.

Binti wa Pasua
Inategemea na mmea. Anubias asili yake vijito vyenye kivuli vya Afrika Magharibi, ukimpiga taa kali majani yanavaa mwani. Muweke chini ya gogo. Mimi taa nimeining'iniza juu zaidi, na nimeweka salvinia, mmea unaoelea, kufunika kama theluthi ya uso wa maji. Samaki mwenyewe anachagua akae kwenye mwanga au kivulini.

MwanaNjiro
Salvinia naipata wapi hapa Arusha?

Fundi Kijenge
Ninayo ndoo nzima, njoo na chombo. Ila inazaana vibaya sana, kila wiki unapunguza, isije ikafunika tangi lote na mimea ya chini ikakosa mwanga. Unayoitoa usiitupe mto Themi, ianike juani mpaka ikauke kabisa.

Kilimanjaro_Boy
Na konokono wanakuja nayo?

Fundi Kijenge
Wanakuja, wengi tu. Isuuze kwanza.