Nawapeleka skauti wa Singida baharini wiki nzima, watu wa pwani nipeni maarifa

MwlSkauti_SGD

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kikosi cha skauti hapa Singida. Likizo ya Juni tumepata mwaliko wa kupiga kambi wiki moja kwenye kijiji cha wavuvi kati ya Tanga mjini na Pangani. Nina watoto thelathini na wawili, wavulana kwa wasichana, darasa la tano hadi la saba, walimu watatu na mama mmoja wa jikoni. Nauli wazazi wamekwishachanga, barua za ruhusa zimesainiwa. Hofu imebaki kwangu.

Kambi wanaijua. Wamelala porini, wanafunga mafundo gizani, na moto wanauwasha kwa njiti moja ya kiberiti hata upepo wa kwetu ukiwa mkali. Maji ya chumvi nayo si mageni kwao, maana ziwa Singidani na Kindai yako hapo mjini. Ila ziwa letu ukiliacha mahali asubuhi, jioni unalikuta hapohapo. Bahari naambiwa inaondoka na kurudi. Mimi mwenyewe nimeiona Dar tu, nikisubiri pantoni Kivukoni.

Ratiba niliyoandika: bendera saa moja, kuogelea saa nne hadi saa sita kila siku, jioni matembezi ya ufukweni na mchezo wa kufuata alama. Hema zetu ni zile za vigingi. Siku moja nataka niwapeleke kisiwa cha Maziwe. Nimekosea wapi? Na bibi wa mtoto mmoja kanitumia ujumbe kwamba mjukuu wake asiguse maji kabisa, bahari ina wenyewe. Nimjibu nini?

Mzee_wa_Kona

Mkuu, usijitafutie kesi. Wapige picha, wale samaki, mrudi. Kuogelea waachie wenyewe wa huko.

BiMwanapwani

Mzee wa Kona, mtoto asafiri kutoka Singida mpaka Tanga aje kupiga picha? Hapana baba.

Mwalimu, karibu Tanga. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, baba yangu alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, na skauti nimeanza nikiwa na umri wa hao wanao. Vikosi vya bara vikija huku mara nyingi mimi ndiye napigiwa simu, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyaona.

Hiyo "saa nne hadi saa sita kila siku" ifute. Huku ratiba haifuati saa ya ukutani, inafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja mbili baada yake tunakuwa na bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Kati ya kujaa na kupwa unaweza kukuta tofauti ya mita tatu na zaidi kwenda juu. Kwa upande wetu huu, siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Watoto wako watavua viatu tayari kuogelea na watakuta tope, mwani na kaa, maji yenyewe yako kule mbali yanang'aa. Halafu kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wiki ikiisha mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na hayo ndiyo maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Kwa hiyo nitajie tarehe zenu kwanza. Kama mtafika wakati wa bamvua, siku za mwanzo asubuhi ni za kutembea mwambani, na kuogelea kunahamia alasiri maji yakipanda. Kuogelea kwa asubuhi wawekee siku za mwisho.

Sasa jambo ninalotaka ulisome mara mbili. Mtoto wa bara tunamwogopea kina kirefu. Kumbe kina anakiogopa mwenyewe, hataingia. Kinachomponza ni maji kupwa. Anaona ardhi kavu mpaka kwenye fungu la mchanga, anatembea, anaokota makombe, yale maganda ya viumbe wa baharini, anacheka, na hajui kwamba kati ya fungu na ufukwe kuna mkondo, bonde dogo tu ambalo wakati wa kwenda lilimfika kwenye kifundo cha mguu. Maji yakianza kurudi hayaji usoni kwake akayaona. Yanapita kwenye huo mkondo, nyuma yake. Yeye bado yuko pakavu, njia ya nyumbani inamfika kiunoni.

Niliwahi kushuhudia kikosi kimoja (sitakitaja) kiko kwenye fungu na kiongozi wao anapuliza filimbi ya mchezo, watu wamekaa duara, raha mustarehe. Aliyewatoa pale ni mama mmoja mchokoa pweza. Alikuwa anarudi na kijiti chake na pweza wawili wananing'inia, akawapita, akasimama, akawauliza, "Nyie mnangoja jahazi?" Kisha akawaonyesha mwani chini ya maji. Maji yakitoka, majani ya mwani yanalala kuelekea bahari kuu. Yakianza kuingia yanasimama kidogo, yanayumba, halafu yanalala upande wa nchi kavu. Mama alisema mwani ukishageuka, nawe geuka. Walivuka mkondo wakiwa wameshikana skafu, wadogo maji yakiwafika kifuani, na hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla mtu hajaogelea, wape kazi. Kila kundi lichomeke kijiti pale maji yanapoishia, kila baada ya nusu saa, na waandike saa. Kufikia jioni watakuwa wametengeneza jedwali lao la maji, na kesho yake waangalie kama limesogea. Hiyo ni skauti hasa, na watoto wanaipenda kuliko gwaride. Mchezo wa kufuata alama nao uchezwe mchangani maji yakiwa yanarudi, uone kundi litakalochukuliwa alama ya mwisho na bahari!

Hema. Kigingi mchangani hakishiki, na Juni ni kusi, upepo unatoka kusini na unaweza kuvuma usiku kucha. Nyie mna magunia ya vitunguu na alizeti, njooni nayo matupu. Jaza mchanga gunia nusu, funga kamba ya hema katikati, lifukie mpaka gotini. Hata upepo mkali hauling'oi. Mlango wa hema usitazame kusini. Usilaze mtoto chini ya mnazi hata kivuli kiwe kizuri vipi, nazi haina macho. Na kabla ya kusimamisha chochote tafuta ule mstari wa mwani mkavu na takataka ufukweni, ujue maji ya bamvua yalifika pale. Panda juu yake hatua nyingi, si mbili.

Choo msichimbe mchangani, shimo linajifukia lenyewe. Ombeni shule ya kijiji. Visima vya karibu na bahari mara nyingi ni vya chumvichumvi, ulizeni kisima cha kunywa ni kipi, na sabuni ya kawaida kwenye maji ya bahari haitoi povu, msiwape watoto kazi ya kufulia huko. Kuni ni mivinje iliyoanguka na makumbi ya nazi. Mikoko msiikate, ni msitu wa hifadhi, mtaonana na serikali.

Siku ya kufika, kabla ya bendera, nenda na mwenyekiti wa kijiji na watu wa BMU, wao ndio wanasimamia pwani na wavuvi. Waulize wapi watoto waogelee na wapi vyombo vinapita. Wasichana waje na madera au suruali nyepesi na fulana za kuogea, na hakuna kukatiza kijijini mtu kajifunga taulo. Ngoma na nyimbo zikae kimya wakati wa adhana. Ukifanya hayo utaletewa madafu bila kuomba.

MwlSkauti_SGD

Bi Mwanapwani, shikamoo na ahsante. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mwalimu mwenzangu kwa sauti. Tarehe zetu zinaangukia mwezi mpevu siku ya pili ya kambi. Hiyo Maziwe je? Na bibi bado anangoja jibu.

BiMwanapwani

Marahaba mwalimu. Basi mna bahati. Maziwe ni fungu la mchanga mtupu siku hizi. Zamani palikuwa na mivinje na kasa walikuwa wakitaga hapo, bahari ikala udongo, miti ikaanguka yote, na sasa maji yakijaa sana kisiwa chenyewe kinafunikwa. Kwa hiyo Maziwe unaikuta maji yakiwa yamekupwa, na kwa tarehe zenu hizo ni asubuhi ya siku ya tatu au ya nne. Mtaondokea Pangani alfajiri kabla kusi hajaamka vizuri. Ni eneo tengefu, lipieni kiingilio, na makombe hayaokotwi. Kila mtoto avae laifu jaketi tangu nchi kavu. Nahodha akikwambia "zipo chini ya benchi", mwambie azitoe uzihesabu. Akisema leo bahari mbaya, msibishane naye, nendeni Tongoni mkaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Ni njiani tu ukitokea Tanga.

Bibi mjibu kwa heshima. Mwambie hata sisi tunajua bahari ina wenyewe, ndiyo maana tunaingia kwa kuuliza. Mjukuu atatia miguu tu mpaka yeye mwenyewe bibi aseme vinginevyo. Halafu siku ya kijiti mpigie simu ya picha aone maji yanavyokwenda. Usimlazimishe mtoto. Mwache awe mshika saa wa kikosi, ni cheo kikubwa huku.

SkautiWaNyeri

Mwalimu hongera. Nikiwa Nyeri, Kenya, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941, siwezi kupita kimya. Kambi yake ya kwanza ya majaribio, Agosti 1907, ilikuwa kisiwani Brownsea, Uingereza, baharini, na ilichukua wiki tu. Walikuwa vijana wapatao ishirini, makundi manne, kila kundi na jina la mnyama au ndege. Kwa hiyo unachofanya ndicho kilichoanzisha mambo.

La kuongezea ni kuogelea wawili wawili. Kila mtoto ana mwenzake, filimbi ikilia wanashikana mikono na kuiinua juu, mnahesabu jozi. Mwenye mkono mtupu anaonekana mara moja. Sisi huwa tunaweka kamba yenye maboya, upande wa bahari wanasimama watu wazima, si watoto wakubwa. Thelathini na wawili kwa wakati mmoja ni wengi kwa watu wanne, na mama wa jikoni usimhesabu. Wagawe mara nne, wengine wakiwa mafundoni.

Nesi_Muheza

Niingie kwa upande wangu. Mwambani wavae raba kuukuu zilizofungwa kamba. Kandambili zitabaki kwenye tope. Kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, ukiwakanyaga miiba inavunjikia ndani. Inayoonekana itoe kwa kibanio, usikamue, loweka mguu kwenye maji ya moto. Wenyeji wanapaka utomvu wa papai bichi, mtaona. Kwenye maji machache waburure miguu wanapotembea, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mtikisiko anaondoka. Akimchoma mtu, maji ya moto ya kuvumilika mpaka maumivu yapungue, kisha kituo cha afya, usisubiri kesho. Yajaribu kwanza kwa mkono wako wewe, mwenye maumivu hapimi joto.

Kubwa kuliko yote hayo: kwenu Singida malaria ni kidogo sana, huku ipo. Chandarua ndani ya kila hema, na wazazi waambiwe kwamba mtoto akipata homa hata wiki mbili tatu baada ya kurudi, apimwe na daktari aambiwe alikuwa Tanga. Hapo ndipo watu husahau.

MwlSkauti_SGD

Nimeandika upya ratiba yote, saa nimeziacha wazi kwa penseli. Magunia yapo, nina jirani wa vitunguu. Bi Mwanapwani, jambo la mwisho: tukija na mafuta ya alizeti, wavuvi watabadilishana na samaki, au ni dharau?

BiMwanapwani

Dharau ipi tena! Njoo na madumu mawili, uende dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, asubuhi vikiingia, umtafute mama muuza vibua, usimwendee dalali. Pweza usiwape usiku wa kwanza, watoto wa bara huwa wanamtazama tu. Wapikie wa nazi siku ya tatu, wakishamwona mwambani anavyobadilika rangi. Nitakutumia saa za maji za wiki yote kwa ujumbe, zichape, moja ubandike jikoni.