Mashindano ya bao la kete: wanaoanza hukosea wapi?

Kijana wa Mkoani
Assalaam alaykum wakubwa. Nimejiandikisha mashindano ya bao la Kiswahili hapa Pemba. Barazani naelewana na kete, lakini kule hakuna wa kukurudishia ukikosea. Naomba mnielekeze, wanaoanza huangukia wapi hasa?

Komwe
Waalaykum salaam mdogo wangu. Nyumba, lile shimo kubwa la tano kutoka kushoto katika safu yako ya mbele. Unaanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Anayeanza akiona nyumba imefika kete 8 tu, anaisafirisha, yaani anazoa kete zake zote na kuzitembeza. Ikishavunjwa, haki ya kulala pale, yaani kusimamisha zamu bila kuizoa, imekwenda mpaka bao liishe. Isafirishe pale ulipokwisha kuhesabu kete ya mwisho itaangukia shimo gani, na mbele ya shimo hilo pana chakula, yaani kete za mwenzio za kuliwa.

Wala usiilee mpaka ikaliwa. Kila zamu tazama shimo linaloikabili: likiwa na kete hata 1, mwenzio akinamua hapo, yaani akitia kete ya mkononi, anabeba nyumba nzima. Muwahi, namua nyumbani kwako ule wewe zile zake.

Barazani Chake
Komwe kasema kweli. Mimi naongeza pa kuanzia kutembeza. Ukila kwenye kichwa (shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele) au kimbi (linalofuata kichwa) huna hiari, unaanzia kichwa cha upande huohuo. Hiari ipo mashimo manne ya kati, na ndipo watu wanapotupa kete bila hesabu. Umekula 5? Kutoka kichwa cha kushoto, ya mwisho inaangukia nyumbani. Kutoka cha kulia, nyumbani unafika na 4.

Kisha angalia ilipoanguka. Shimo tupu, zamu imekwisha. Lina kete na mbele yake pana kete, unakula tena. Lina kete lakini mbele tupu, unazoa na kuendelea. Nyumbani tu ndipo unapochagua kulala au kusafiri.

Mtaji Mmoja
Wengi hufungwa kwenye mtaji, kete za mkononi zikishakwisha, kwa sababu ya kulimbikiza nyuma. Shimo lenye kete 1 haliondoki, na ukianza na shimo lenye zaidi ya 15 huli kitu. Mbele kukiwa kutupu umefungwa, hata nyuma ziwe 20. Na chakula kikiwepo ni lazima ule, huruhusiwi kutakata, yaani kutembeza bila kula.

Kijana wa Mkoani
Ahsanteni sana. Nikikosa cha kula wakati wa kunamua, nitakatie wapi?

Komwe
Shimo la mbele lenye kete, nyumba iache. Ikiwa mbele imebaki nyumba peke yake, tia kete yako, chota 2 tu utembeze. Zamu ya kutakata huli mpaka mwisho, kwa hiyo chagua upande ambao kete zako zitasimama mkabala na mashimo yake matupu, asipate cha kula akirudi.