Mjadala: Anayewafundisha watu kutulia, yeye kafundishwa na nani?

Muuguzi wa Chake Chake
Assalamu alaykum jamaa. Naleta mada, na nasema mapema nina upande wangu.

Kazini limeletwa wazo: wauguzi tupewe semina ya siku 2 ya kile wanachokiita uzingativu (kwa Kiingereza mindfulness), tupate cheti, twende tukawafundishe wagonjwa wenye msongo wa mawazo. Wenzangu wamefurahi, posho ipo. Mimi nauliza, siku 2 zinatosha?

Kwa wasiojua: mambo haya aliyeyaingiza hospitali ni Jon Kabat-Zinn, msomi wa bayolojia, pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Alianza na wagonjwa wa maumivu yasiyokwisha, ambao dawa zilikuwa zimeshafika mwisho wake. Programu yake, MBSR, yaani kupunguza msongo kwa uzingativu, ni ya wiki 8. Kila wiki mnakutana saa 2 na nusu, kuna siku moja nzima ya ukimya, na nyumbani unafanya mazoezi kama dakika 45 kila siku. Unalala chali unaupitia mwili kwa akili kuanzia vidole vya mguu, unakaa na pumzi yako, unajinyoosha kidogo. Basi. Hakuna ubani wala kombe.

Sasa mwalimu wa programu hiyo. Kwanza hupita wiki 8 yeye mwenyewe kama mwanafunzi. Awe na mazoezi yake ya kila siku, akakae kimya siku kadhaa pamoja na wenziwe, kisha ndiyo afundishe huku anasimamiwa. Vyuo vya Bangor, Exeter na Oxford kule Uingereza viliandaa vigezo vya kumpimia, vya maeneo 6. Kuongoza zoezi ni eneo moja tu. Mengine ni kama vile anavyolishika darasa, na anavyouliza baada ya zoezi, "umeona nini?", badala ya kuhutubia. (Sisi kwa kuhutubia hatujambo.)

Kwa nini nashikilia? Nilikuwa msaidizi wa darasa moja Unguja. Mwalimu alikuwa na cheti cha Jumamosi na Jumapili. Akawaambia kina mama wafumbe macho, wafuate pumzi. Mama mmoja wa kwetu Pemba akaanza kuhema, mkono ukalikamata buibui kifuani hadi likakunjamana. Mwalimu, kwa sauti tamu: "Endelea na pumzi, iache ije." Yule mama akainuka akatoka miguu mitupu. Nikamfuata na viatu vyake mkononi. Barazani akaniambia alikuwemo kwenye Spice Islander, ile meli iliyozama Septemba 2011, akakesha majini na kipande cha godoro. Ameniridhia nilieleze hili. Mtu wa namna hiyo unamwambia asikilize pumzi!

Mwalimu aliyefundishwa angemwambia fumbua macho, sikia nyayo zako sakafuni, au sauti za nje. Maneno kumi. Lakini kuyajua wakati wake ndiyo kazi.

Kijana wa Jambiani
Dada, unatubania riziki. Mimi nawanyoosha wageni ufukweni jua likichwa, hajazimia mtu. Kozi hizo ndefu ni dola, tena kwa Kiingereza. Muuguzi wa Micheweni atazitoa wapi? Afadhali kidogo kuliko hakuna.

Muuguzi wa Chake Chake
Kaka, wageni wako siwagusi, wamekuja na afya zao na tiketi ya kurudi. Nazungumzia mgonjwa. La dola na Kiingereza umenishika, silikatai.

Ustadh wa Mwembetanga
Mwanangu, mimi sina ugomvi na pumzi. Lakini huyo bwana wenu alisoma kwa walimu wa Kibudha, hilo halifichiki. Sisi tuna khushuu ya sala, tuna uradi, tuna murakaba, kule kuuchunga moyo mbele ya Mungu, tangu kwa mababu. Kwa nini tukachote maji ya mbali na kisima kipo uani?

Muuguzi wa Chake Chake
Sheikh wangu, nakubali alianzia huko. Alipoileta hospitali aliivua dini akaiweka kwa lugha ya kitabibu, na mgonjwa haambiwi aamini kitu. Asiyetaka asije, na anayetulia kwa uradi asinyang'anywe uradi wake.

Lakini hebu nikuulize wewe unayejua tarika. Kwa Kadiria, mtu anahudhuria dhikiri mara mbili halafu anakaa kuongoza duara? Si mpaka apate ijaza, yaani idhini, kwa sheikh, na sheikh naye aliipata kwa sheikh wake? Mimi nadai hilohilo, kwa muuguzi.

Ustadh wa Mwembetanga
Hapo umenena. La asili yake bado nina neno, tutaonana.

Mwalimu wa Mkoani
Mnazungumza ijaza, mimi nazungumza dakika 45. Mama wa mwani anafuata maji, bamvua haimngoji. Akirudi kuna kuni, kuna watoto. Mtaalamu kamili kutoka Uingereza atampa zoezi ambalo hatolifanya hata siku moja. Mtu wa hapa, hata awe nusu, anajua saa gani yule mama anakaa.

Muuguzi wa Chake Chake
Mwalimu, hili ndilo limenifanya nisilale. Nusu yako naiogopa, ila mtaalamu wa kuja na kuondoka simtaki pia. Mimi ningesema semina ya watu 40 ivunjwe, fedha zile ziwasomeshe wauguzi 2 wa Unguja na 2 wa Pemba njia nzima, hata ikichukua miaka. Wao ndio waje wawasimamie wengine, kwa Kiswahili, na dakika wazipunguze huku wanaangalia kinachotokea. Tena zabibu kavu ya darasa la kwanza, ile unayoitazama na kuinusa kabla ya kuila, iwe tende. Nilijaribu: bibi mmoja aliimeza papo hapo akaniuliza, "nyengine ipo?"

Bi Mkubwa wa Wete
Huyo bibi namuunga mkono. Lakini mie nna sukari, nyayo zimekufa ganzi mwaka wa tatu. Hizo nyayo zenu za sakafuni nitazisikia wapi?

Muuguzi wa Chake Chake
Kwa masikio basi, Bi Mkubwa. Hapo ulipo sasa unasikia nini?

Bi Mkubwa wa Wete
Jirani anakuna nazi. Na mbuzi wangu kashaingia kwenye muhogo wa watu, ngoja kwanza.