Nati ya habu ya mbele ya IST imegoma kabisa: je, niichome kwa gesi?

MkaziWaChumbageni:
Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota IST ya 1.3, na gurudumu la mbele la kushoto linanguruma kila mwendo unapopita kilomita 60 kwa saa. Fundi amelizungusha kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, akathibitisha kuwa beringi imekwisha. Beringi mpya ninayo. Kinachonikwamisha ni ile nati kubwa ya katikati inayoshika shafti (mhimili unaozungusha gurudumu) kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Imemwagiwa mafuta ya kulegeza kutu ikalala nayo usiku kucha, imegongwa nyundo pembeni, kisha imevutwa kwa soketi ya milimita 30 na bomba la urefu wa mita moja, wala haikutikisika. Ninachouliza ni kimoja tu: nikiichoma kwa gesi hadi iwe nyekundu, je, itaachia? Gari linahitajika mwishoni mwa wiki, kwa hiyo naomba majibu yajikite kwenye gesi.

SpanaMkononi:
Jirani yangu humwagia soda nyeusi nati zilizogoma, na ikishindikana hunywa iliyobaki. Nati zake bado zimegoma, ila yeye amenenepa vizuri.

MzeeWaFuso:
Vijana, umeandikwa upande wa kushoto na hakuna aliyeshtuka. Tulipokuwa tukibeba mahindi kupitia Segera, utingo wetu mpya alining'inia kwenye bomba akifungua nati za gurudumu la kushoto la Fuso, na kadiri alivyoning'inia ndivyo alivyozidi kuzikaza, mpaka stadi moja, yaani bolti inayoshika gurudumu, ikakatika kwa mlio uliomfanya dereva aruke kutoka kwenye kiti. Malori ya Kijapani ya mtindo ule wa zamani, upande wa kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, na kwenye ncha ya stadi imepigwa herufi L. Geuza mkono, mwanangu.

FundiKange:
Shikamoo Mzee. Kwa Fuso uko sahihi kabisa, lakini IST si Fuso: nati ya shafti pande zote mbili hufunguka kinyume cha mshale wa saa, hivyo akifuata ushauri huu ataikaza zaidi.

Mwenye uzi, hebu tupige hesabu kidogo. Nati hiyo kiwandani hukazwa kwa niutoni mita 216. Mtu wa kilo 70 akiulalia mwisho wa bomba la mita moja anatoa karibu niutoni mita 690, yaani zaidi ya mara tatu. Kutu huongeza ugumu, na kwetu Tanga chumvi ya bahari haina huruma, lakini nati isiyotikisika hata kidogo kwa nguvu hiyo mara nyingi inashikiliwa na kitu kingine. Je, ule ukingo mwembamba wa nati, uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, uliunyanyua kwa patasi kabla ya kuanza kuvuta?

MkaziWaChumbageni:
Ukingo umeshughulikiwa. Naomba turudi kwenye gesi.

MwalimuMstaafu:
Haya ndiyo matokeo ya kununua gari kwa kuangalia rangi na redio. Mnunuzi mwenye busara humlipa fundi wake alinyanyue gari, afungue vifuniko vya magurudumu na kutazama nati moja moja, kwa sababu nati iliyoliwa kona hukuambia tabia ya waliotangulia kuliko maneno ya dalali. Nilimweleza hivyo mdogo wangu, hakunisikia, na leo anaulizia beringi.

BintiPongwe:
"Umeshughulikiwa" na nani, na namna gani, kaka? Ukingo ama umenyanyuliwa, ama haujanyanyuliwa. Duka letu linauza vipuri vya magari haya, na nati ya shafti iliyoshughulikiwa kwa maneno hurudi kwetu ikiwa na shafti yake. Safisha kwa brashi ya waya, utazame pale nati inapokutana na ncha ya shafti, kisha utuambie unaona nini.

MkaziWaChumbageni:
Dada, ukingo hauonekani kwa sababu pale pana doa la kulehemu. Fundi wa mwenye gari wa kwanza aliichomelea nati kwenye shafti, doa moja dogo lisilofika hata nusu ya ukucha. Sikulitaja kwa sababu gesi italiyeyusha, na mtu wa gesi nimekwishamlipa nusu, anakuja kesho asubuhi. Wala msiniambie kuwa joto litaharibu beringi, kwa kuwa beringi hiyo ni ya kutupwa. Nilipima mambo haya kabla ya kuandika.

BintiPongwe:
Basi tuache nati, tuzungumzie shafti. Hakuna anayechomelea nati ya habu iliyo nzima. Huchomelewa pale nyuzi zinapokuwa zimeliwa, nati inazunguka bila kukaza, na mwenye gari hataki kununua shafti nyingine. Ukiitoa kwa gesi, kwa grinda au kwa dua, huenda ukakuta shafti isiyoshika nati mpya. Tafuta kwanza bei ya shafti ya kushoto, hata iliyotumika, ndipo umwite mtu wa gesi au umrudishe.

Umepima joto kwa beringi peke yake. Ncha ya shafti imepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, na ukiichoma hadi nyekundu unauondoa. Joto hilo likishuka hadi kwenye sivi jointi, kile kiungo cha shafti kinachopinda, grisi inayeyuka na buti la mpira linaungua.

MkaziWaChumbageni:
Kama shafti huenda ikatupwa, basi gesi haina hasara. Mnazidi kunithibitishia.

Mdadisi:
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na siuamini. Gari liko juu ya jeki, gurudumu limetolewa, na mtu mmoja analalia bomba. Habu ilipaswa kuzunguka pamoja na nati. Nani alikuwa amekanyaga breki? Isitoshe, soketi ya kishikio cha nusu inchi ikivutwa hivyo mara nyingi kishikio chake hukatika. Aidha hakuna gari, aidha ni mtu wa gesi anajitangazia kazi.

SpanaMkononi:
Kama ni tangazo, aweke na bei.

MkaziWaChumbageni:
Sikusema kuwa gurudumu lilitolewa. Jeki ilitumika kusikiliza beringi tu. Nati ilivutwa gari likiwa chini, kifuniko cha katikati kimetolewa, breki ya mkono imefungwa na binamu yangu amekanyaga breki ya mguu. Soketi ni ya robo tatu inchi, nimeazima karakana ya malori. Picha siweki kwa sababu gari ni la shemeji yangu, na hajui kuwa limefunguliwa.

Mdadisi:
Sasa naanza kuamini. Hilo la shemeji hakuna anayelibuni.

FundiKange:
Mrudishe mtu wa gesi, umwite mwenye grinda. Asage doa la kulehemu hadi liishe, kisha apasue nati ubavuni, sambamba na shafti, na asimame kabla ya kufika kwenye nyuzi. Patasi ikiingizwa kwenye mkato huo na kugongwa, nati hupanuka na kuachia. Miwani ni lazima. Kwa njia hii, kama nyuzi zilikuwa na uhai, unaupata uhai huo.

MkaziWaChumbageni:
Grinda ninayo hapa. Nikishaikata, nitalisukuma gari hadi kwenye karakana yenye presi, mashine ya kusukuma beringi, ni hapo ng'ambo ya barabara.

FundiKange:
Usilisukume hata hatua moja. Beringi ya gari hili hubanwa na shafti pamoja na nati, na uzito wa gari ukiikalia bila kubanwa inaweza kuachana, habu ikachomoka na gurudumu likalala katikati ya barabara. Liache juu ya stendi, ufungue kalipa ya breki na disku yake, uvue chuma kizima kinachobeba habu, ukipeleke kwenye presi kwa mkono. Na shemeji apigiwe simu leo, maana atakayelipia shafti ni yeye.