Ajenti wa AI aliyekatika katikati ya kazi: logi ilikuambia nini? Tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, leo kazini ajenti, ile programu ya AI inayojifanyia kazi hatua kwa hatua, kazima ghafla, kila mtu anabahatisha sababu, logi (faili linaloandika kila hatua yake) hakuna anayeifungua. Nani amewahi kuokolewa na logi?

Fundi Seva: Umenikumbusha mbali. Ajenti alikuwa anahamisha ankara za wateja kwenda hifadhidata mpya, mara kimya. Mstari wa mwisho wa logi: ameita zana ya kuandika, jibu la zana halipo. Mwenzangu akasema haikufanyika hiyo, tumwanzishe upya. Nikamzuia. Jibu kutoonekana kwenye logi ni jambo moja, kazi kutofanyika ni jambo jingine. Tukafungua hifadhidata yenyewe: kundi zima la ankara limeshaingia! Tungerudia, wateja wote wale wangedaiwa mara mbili. Jasho lilinitoka. Tangu hapo kila ombi la kuandika lina namba yake ya pekee, likija tena seva inalitambua na kuliacha.

Nyota: Kudaiwa mara mbili! Mate yamenikauka.

Kijana wa Kodi: Wangu alikufa na msimbo 137. Hiyo ni RAM imeisha, ongeza RAM.

Bundi: Si lazima, mkuu. 137 ni 128 jumlisha 9, na 9 ni SIGKILL, amri ya kuua programu papo hapo. Muuaji anaweza kuwa kernel (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kwa ajili ya RAM, au mtu, au kinachosimamia kontena (kisanduku ambamo programu inaendeshwa).

Kijana wa Kodi: Mimi kila nikiiona ni RAM.

Bundi: Basi tazama dmesg, yaani ujumbe wa kernel, ndipo useme. Anayepigwa SIGKILL hapati nafasi ya kuandika neno, logi ya ajenti utaikodolea macho bure.

Mama Skripti: Ukikuta seva imejibu 429, umevuka kikomo cha maombi. Soma Retry-After, inayosema usubiri muda gani, kisha subiri. Msigongegonge seva jamani.

Tulia: Logi isomwe kutoka chini kwenda juu.

Mama Skripti: Hapana, anza juu! Niliwahi kukuta ajenti anasoma faili lile lile tena na tena hadi dirisha la muktadha (kiasi cha maandishi AI inachoweza kushika kwa mara moja) likajaa. Kosa la chini lilikuwa matokeo tu.

Nyota: Na funguo za API (nywila za siri za programu kuingilia huduma) zifuteni kabla ya kumtumia mtu logi.

Tulia: Fundi Seva, turudi kwako. Hiyo namba anaitunga ajenti?

Fundi Seva: Hapana ndugu, inatungwa na programu inayomwendesha na kuhifadhiwa kabla ombi halijatoka. Ajenti akianza upya angetunga nyingine, na ankara zingejirudia vilevile.