Uncle Tupelo: nianze na albamu ipi?

nyuzi_sita: Wakuu, naona bendi ya Marekani ya Uncle Tupelo ikitajwa kila inapozungumzwa kantri mbadala (kantri iliyochanganywa na roki na panki, yaani roki ya kasi na kelele). Albamu ziko nne. Nianzie wapi, na nitatofautishaje sauti za waimbaji wawili?

kinanda_kibovu: Anza na Anodyne (1993). Ilirekodiwa Austin, Texas, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, bila kuongezea vyombo baadaye. Fidla na gitaa la stili vinasikika vikiingiliana na sauti za waimbaji, havijabandikwa juu. Sauti nzito, ya chini, ni ya Jay Farrar. Ile nyepesi yenye mkwaruzo ni ya Jeff Tweedy.

mzee_wa_santuri: Kwa kuanzia, sawa. Lakini ukiruka No Depression (1990) hutaelewa kelele zote hizi zilitokana na nini. Wimbo unaobeba jina la albamu ni wa zamani, uliojulikana kupitia Carter Family, kundi la kantri la zamani, halafu pembeni yake kuna gitaa za panki zinazokatika ghafla na kurudi kwa kasi nyingine. Tafuta toleo la 2003, lina nyimbo za ziada.

kinanda_kibovu: Kweli. Ile ya 1992 iache kwanza kama hujazoea: karibu yote ni akustika, Peter Buck wa bendi ya roki ya R.E.M. ndiye prodyuza, na jina la albamu ni tarehe za kurekodi, Machi 16 hadi 20.

nyuzi_sita: Na baada ya kuvunjika 1994?

mzee_wa_santuri: Farrar akaunda Son Volt, Tweedy na waliobaki wakawa Wilco. Sikiliza Trace ya Son Volt na A.M. ya Wilco, zote za 1995. Trace ni bora, wala si kidogo.